Skeli Unazijua, Solo Haitoki: Mwongozo wa Ukulele kwa Anayeanza

Hapa Tanga naulizwa swali hili karibu kila wiki, na linakuja kwa maneno yaleyale: "Skeli nimezikariri, napanda nashuka huku nimefumba macho. Mbona nikiambiwa piga solo, natoa skeli ileile?"

Nalielewa vizuri kwa sababu yalinikuta. Ilikuwa harusini, Makorora. Mwimbaji kamaliza ubeti, kanigeukia, kanipa nafasi. Nikapanda do re mi fa so la ti do, nikashuka mbio, nikapanda tena, nikashuka tena. Mpiga besi akaniinamia sikioni: "Bwana wee, ngazi umeipanda mara tatu. Ndani unaingia lini?"

Hatua zilizo hapa chini ndizo zilizonitoa kwenye ngazi. Nadharia nimeiweka kidogo tu. Noti nitazitaja kwa solfa, yaani do re mi, maana wengi wenu mmepita kwaya, na asiyepita ataizoea kwa siku mbili.

Kabla hujaanza

Uwe na hivi:

- Ukulele ya soprano, konseti au tenori, iliyotyuniwa G C E A. Kama yako ni baritoni, kwa kawaida hutyuniwa D G B E, kwa hiyo noti nitakazotaja hazitalingana na unachokisikia.
- Simu, kwa ajili ya kutyuni na kurekodi. Usiruke kurekodi.
- Kodi tatu (za muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja; hizi TRA hawazifuatilii): C, F na G7. Kila tarakimu ni freti (vile vyuma vilivyolala kwenye shingo) ya kubonyeza, 0 ni uzi wazi: kuanzia uzi wa 4 kwenda wa 1, C ni 0003, F ni 2010, G7 ni 0212. Uwe unazibadili bila kuangalia vidole. Kama bado unaangalia, solo isubiri wiki mbili.
- Kucha fupi mkono unaobonyeza.
- Dakika ishirini kwa siku. Saa tatu za Jumapili peke yake hazisaidii.

Kipimo kimoja cha haraka kwa chombo chenyewe: piga uzi wa 1 wazi, programu ya kutyuni ionyeshe A. Sasa bonyeza freti ya 12 ya uzi huohuo. Lazima ionyeshe A tena. Ikienda pembeni sana, freti za juu zitakudanganya hata upige vizuri namna gani, hivyo baki chini ya freti ya 5 mpaka upate chombo kingine. Na usiiache ukulele kwenye gari lililoanikwa juani. Joto la huku linaachanisha gundi.

Jinsi ya kusoma namba zangu: namba ya kwanza ni uzi, ya pili ni freti. Uzi wa 1 ni ule wa chini kabisa, karibu na paja lako (A). Wa 2 ni E, wa 3 ni C, wa 4 ni ule wa juu, karibu na kidevu (G). Kwa hiyo 2-3 ni uzi wa 2, freti ya 3. Sifuri ni uzi wazi.

Waliotoka kwenye gita huvurugwa na uzi wa 4. Mahali pake ni pa uzi mnene, lakini sauti yake ni ya juu: G ile ni sawasawa na 2-3. Wanaufuata wakitafuta besi, hawaikuti. Kwa sasa uache utulie, tutacheza nyuzi tatu.

Hatua ya 1: Shika noti tano tu

Fa na ti ziweke kando kwanza. Zitarudi. Baki na hizi:

do 3-0
re 3-2
mi 2-0
so 2-3
la 1-0
do ya juu 1-3

Ukitaka kupanda zaidi, re ya juu ni 1-5 na mi ya juu ni 1-7.

Noti hizi tano hazigombani na kodi ya C, kwa hiyo huwezi kuharibu sana. Zipige polepole na uziimbe kwa mdomo, kila noti na jina lake. Kuimba siyo mapambo. Kidole kina tabia ya kwenda palepale kilipozoea, lakini mdomo huwa unatafuta wimbo. Usiyeweza kuimba vizuri, imba vibaya. Hakuna anayekusikiliza.

*Kosa la kawaida:* kuongeza kasi siku ya pili. Kasi ndiyo iliyonitia aibu Makorora.

Hatua ya 2: Vunja mpangilio

Ukiendelea kupanda kwa foleni, vidole vitakariri foleni. Piga kwa mafungu ya noti tatu: do re mi, re mi so, mi so la, so la do. Kisha rudi: do la so, la so mi, so mi re, mi re do. Halafu ruka: do mi, re so, mi la, so do.

Siku nne zinatosha. Haya ni mazoezi ya viungo, bado hujaanza kusema neno.

Hatua ya 3: Chukua sentensi ya Kiswahili

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nayo wiki nzima.

Solo isiyo na mdundo wa maneno inamwagika tu kama mchele uliotoboka gunia. Sisi tuna bahati: Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kwa hiyo kila sentensi unayoisema mtaani ina mdundo tayari, na ina mahali pa kutua.

Tuchukue msemo wa mji wetu: *Waja leo, waondoka leo.*

Useme kwa sauti huku unagonga mguu. WA-ja LE-o. Wa-o-NDO-ka LE-o. Sikia "le" inavyovutwa na "o" inavyodondoka. Sasa weka noti, silabi moja noti moja:

wa (so, 2-3), ja (la, 1-0), le (mi, 2-0), o (re, 3-2)

wa (mi, 2-0), o (so, 2-3), ndo (la, 1-0), ka (so, 2-3), le (mi, 2-0), o (do, 3-0)

Piga huku unasema. "Le" ipe urefu, "o" iwe fupi na laini kidogo. Angalia mikia miwili: wa kwanza ni mi-re, umebaki hewani kama mtu aliyeuliza. Wa pili ni mi-do, umefika nyumbani. Neno lilelile "leo" limeuliza, kisha limejibu. Hapo una solo ya vipimo viwili (kipimo kimoja ni mapigo manne), na hujatumia hata skeli nzima.

Sasa uchezee msemo huohuo bila kuongeza noti mpya:

1. Rudia "waja leo" mara mbili, ndipo ujibu.
2. Badilisha urefu: vuta "wa" ya kwanza, fupisha "ja".
3. Anza kwa kuchelewa nusu pigo, kama mtu aliyekuja anahema.
4. Badilisha mkia tu. Kichwa kibaki.

Ukimaliza tafuta sentensi zako. Mimi huzitoa kwa mama mmoja wa chapati pale Ngamiani na wateja wake. "Chapati bado?" "Ngoja, zinaiva." Swali limalizie re au so, jibu limalizie do. Mapishi yale yamenipa solo nyingi kuliko video zote nilizotazama.

*Kosa la kawaida:* kubuni sentensi ndefu ya maneno kumi na tano. Msikilizaji hawezi kuikumbuka, na asipoikumbuka hatajua umeirudia.

Hatua ya 4: Nyamaza

Piga "waja leo" kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili usipige chochote, hesabu tu. Cha tatu jibu, cha nne nyamaza. Utahisi ukimya ni mrefu mno. Rekodi, kesho yake usikilize. Utaona haukuwa mrefu.

Kama hujui unyamaze wapi, pumua. Mwimbaji lazima avute pumzi, nawe vuta wakati uleule.

Hatua ya 5: Fuata kodi

Rekodi mwenyewe kwenye simu, polepole, kwa dakika tatu: C kipimo kimoja, C tena, F, G7, kisha rudi mwanzo. Sasa fa na ti zinarudi: fa ni 2-1, ti ni 1-2.

Kila kodi ina noti zake za nyumbani:

C: do, mi, so
F: fa, la, do
G7: so, ti, re, fa

Huhitaji kupiga hizo peke yake. Sheria ni moja tu: silabi yenye mkazo, ile ndefu, itue kwenye noti ya kodi inayolia wakati huo. Nyingine zipite zitakavyo.

Kwanza zoea kutua. Wacha rekodi ilie, upige noti moja tu kwa kila kipimo: mi, mi, fa, fa, halafu mi kodi ya C ikirudi. Hiyo ni 2-0, 2-0, 2-1, 2-1, 2-0. Kidole kimoja kinatosha. Kisha njia ya juu: so, so, la, ti, halafu do. Yaani 2-3, 2-3, 1-0, 1-2, 1-3. Sikiliza ti inavyoisukuma do. Ukishaisikia mara moja utaisikia kila mahali, mpaka kwenye nyimbo za kanisani.

Sasa mlete mgeni wetu, yaani msemo wa "waja leo", azungukie kodi:

Kwenye C: so la mi re, kama mwanzo.
Kwenye C ya pili: jibu lote, mi so la so mi do.
Kwenye F: wa (la, 1-0), ja (do ya juu, 1-3), le (la, 1-0), o (fa, 2-1).
Kwenye G7: wa (so, 2-3), ja (la, 1-0), le (fa, 2-1), o (re, 3-2).

Linganisha ya G7 na ya kwanza kabisa. Tumebadilisha noti moja: "le" imetoka mi ikaenda fa, freti moja tu. Lakini ukiipiga, inasikika kama umehama chumba. Nilipoigundua hii niliirudia jioni nzima, jirani akaja kuuliza kama niko salama.

*Makosa mawili:* kuivuta do juu ya G7, na kuivuta fa juu ya C. Kupita juu yake ni sawa. Kukaa ndiyo tatizo.

Hatua ya 6: Tia ladha

Ukulele ina kasoro ya kuzaliwa: noti haidumu. Ukiigonga tu, imeshaanza kufa. Udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, nao una shida hiyohiyo, na wapiga udi dawa wanayo zamani. Noti wanayotaka iwe ndefu huirudia harakaharaka, mkono ukienda na kurudi, mpaka sikio linasikia sauti moja inayotetemeka. Fanya vivyo hivyo kwenye "le". Tumia ncha ya kidole cha shahada, ukucha ukishuka, nyama ikipanda. Kiganja kilegee. Ukikaza utachoka kabla ya kipimo cha pili.

Mengine ni mepesi:

- Kuteleza: anza 2-1, usinyanyue kidole, teleza mpaka 2-3. Inafaa kwa "wa" ya kwanza.
- Kugonga: piga 2-0, kisha dondosha kidole kwenye 2-1 bila kupiga tena kwa mkono wa kulia.
- Kunyofoa: kinyume chake. Kidole kinapotoka 2-1 kiunyofoe uzi kidogo ili 2-0 ilie.

Kuupinda uzi kama wa gita la umeme kusikusumbue. Nailoni haipandi kiasi hicho.

Kisha ladha ninayoipenda kuliko zote: noti mbilimbili. Sikiliza magita ya dansi, utasikia solo ikitembea na mwenzake wa chini. Huu ni mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, tusijifanye hatujui. Kwenye nyuzi za 1 na 2, bana zote mbili kwa pamoja, dole gumba uzi wa 2 na shahada uzi wa 1:

la na fa: 1-0 na 2-1
ti na so: 1-2 na 2-3
do na la: 1-3 na 2-5
re na ti: 1-5 na 2-7
mi na do: 1-7 na 2-8

Tembea nazo kwenda na kurudi. Noti ya juu ndiyo inayobeba wimbo, ya chini inamsindikiza. La na fa pamoja zinatulia kwenye F. Ti na so, pia re na ti, ni za G7. Mi na do, C.

Huwa kuna anayeuliza chombo cha Hawaii kinafuata nini Tanga. Hawaii wenyewe walikipata kutokana na vigita vya Wareno wa Madeira waliofika kwa meli mwaka 1879. Na gita la dansi halikuchongwa Ngamiani.

Hatua ya 7: Panga solo nzima

Chukua mizunguko minne ya kodi zile, yaani vipimo kumi na sita.

Mzunguko wa kwanza: "waja leo" kwenye C, kisha kimya mpaka G7. Mtambulishe, basi.

Wa pili: msemo wote, ukifuata kodi kama hatua ya 5.

Wa tatu: panda. Noti mbilimbili, freti ya 5 na ya 7, tetemesha moja ndefu. Hapa ndipo watu watashangilia, kama watashangilia.

Wa nne: shuka, punguza noti. Kwenye G7 ya mwisho piga "waja leo" ile yenye fa na re, uishie hapo. Usimalizie do. Do hiyo ni ya mwimbaji, anaingia nayo kodi ya C ikirudi. Ukimuachia, ataingia bila kuhesabu. Ukiichukua wewe, atabaki anakutazama.

Mpango huu si wa kudumu. Ukishapiga solo ishirini utajikuta hauufuati.

Ikigoma

*Uzi unakoroma.* Unabonyeza mbali na freti. Sogeza kidole mpaka karibu na chuma chenyewe, upande wa kichwa cha ukulele, lakini usikikanyage.

*Noti za juu zinatoka nje ya sauti wakati nilishaipima, ilikuwa sawa.* Unabonyeza kwa nguvu mno. Uzi wa nailoni ukikandamizwa unapanda sauti.

*Tyuni inaharibika kila baada ya wimbo mmoja.* Nyuzi mpya hizo, zinavutika kwa siku kadhaa. Zivute taratibu kwa vidole, tyuni, rudia.

*Napotea katikati.* Usisimame. Cheza so kwa kurudiarudia huku unasikiliza besi, ukisikia C imerudi ingia na "waja leo". Wasikilizaji watadhani ulikusudia. Na siku nyingine imba ubeti wa wimbo kichwani wakati unapiga, hautapotea.

*Mwimbaji hawezi C, anataka F.* Do imehama, umbo limebadilika. Noti zako tano ni 2-1, 2-3, 1-0, 1-3, 1-5, na chini yake una so 3-0 na la 3-2. Msemo ni uleule.

*Nataka huzuni, nataka harufu ya taarabu.* Hamia A maina: kodi ni Am (2000), Dm (2210) na E7 (1202). Nyumbani sasa ni la, yaani 1-0. Pale E7 inapolia, so ipandishe freti moja, iwe 2-4, ndipo irudi la. Noti hiyo moja inafanya kazi kubwa. Ila kuna miteremko ya udi na fidla ambayo hutaipata, maana vyombo vile havina freti, na chako kinazo.

*Nimefanya yote, bado inasikika kama zoezi.* Sikiliza rekodi yako na uhesabu vipimo ulivyonyamaza. Nikiwauliza wanafunzi hivyo, jibu huwa sifuri.

*Harusini haisikiki.* Chombo kidogo, sauti ndogo. Usielekeze maikrofoni kwenye tundu, itavuma. Ielekeze pale shingo inapokutana na boksi, shubiri moja hivi. Solo ipande nyuzi za 1 na 2. Na umuombe mpiga besi apunguze. Wangu alikataa.